Mtani hachekeshi bure, ila Majuto tulimcheka bure

Wadau, kama umewahi kupanda basi la kwenda mkoani enzi zile za televisheni moja imening'inizwa juu ya dereva, unanielewa. Tunatoka Ubungo asubuhi, foleni ya Kibaha imetuchosha, watu wamenuna. Tukivuka Chalinze konda anachomeka filamu ya Mzee Majuto. Kufika Mikese basi zima linacheka, yule mama wa siti ya mbele mwenye ndoo ya samaki anafuta machozi kwa kanga, mtoto asiyejua hata kinachosemwa naye anacheka kwa sababu mama yake anacheka. Nimeshuhudia basi limesimama stendi ya Msamvu, konda anaita abiria wa Moro washuke, na watu wamesimama kwenye korido na mizigo mikononi, shingo zimegeuka, wanasubiri kipande kiishe. Konda mwenyewe anaita huku anatazama.

Niliwaza jambo hili kwa mara ya kwanza siku moja nikiwa mmoja wa hao waliosimama. Tupo abiria hamsini na kitu, tumelipa nauli, mwenye basi kapata chake, konda kapata posho, wauza maji na korosho wa Msamvu wanapata chao dirishani. Yule mzee kwenye kioo, anayetufanya tusishuke, kapata nini kwenye safari hii? Jibu lake halikunipendeza wakati ule na mpaka leo halijanipendeza.

Sasa naomba niwapeleke kidogo milimani, maana mimi hili jambo sikulijifunza mjini.

Kwetu ni Matombo. Kwa msiojua, unatoka Moro mjini unapita Bigwa, unakwenda Mkuyuni, unazidi kuzunguka milima ya Uluguru kwa upande ule wa mashariki, ndizi na minazi kulia na kushoto, mpaka unafika. Bibi yangu mzaa mama alipofariki tulikwenda ukoo mzima. Na Waluguru ukoo unahesabiwa kwa mama, kwa hiyo pale mimi nilikuwa mwenyewe hasa, siyo mgeni. Nimekaa na kina mama ndani, tunalia. Ghafla anaingia mwanaume mmoja mtu mzima amejifunga kanga ya marehemu, ameshika fimbo ya marehemu, anatembea kama marehemu kabisa, mguu ule wa kushoto unaoburuta, na kile kikohozi chake cha kabla ya kugomba. Akatukohoa. Akaanza kutugombeza wajukuu kwamba tumekuja msibani tunamaliza sukari yake.

Jamani. Mama yangu aliyekuwa analia tangu usiku alicheka mpaka akashika ukuta.

Yule alikuwa mtani. Waluguru tuna utani wa ukoo kwa ukoo huko huko milimani, ukiacha ule wa kabila kwa kabila ambao wengi mnaufahamu. Mtani wa ukoo msibani anafanya kazi, na kazi zenyewe ni zile nzito: watani ndio walikuwa kwenye kuchimba kaburi, watani ndio walikuwa kwenye masufuria. Na katikati ya kazi hizo anaigiza. Anamuigiza marehemu, anamuigiza mjomba anayejifanya ana uchungu kuliko wote, anamuigiza shemeji aliyekuja na miwani ya jua. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Ukinuna unaonekana wewe ndiye hukulelewa.

Ila sikiliza hapa. Wakati wa kutoa mwili, yule bwana akaenda akajilaza mlangoni. Kalala chali, kanga ya bibi mwilini, akasema bibi hatoki. Mjomba akatoa elfu mbili. Mtani akaitazama ile pesa, akauliza watu wote kwa sauti, "Mama yenu bei yake ndiyo hii?" Watu wakacheka tena, mjomba akaongeza, akaongeza, mpaka jamaa akaridhika, akanyanyuka na kupisha njia. Jioni alichukua na kuku. Hakuna aliyesema mtani ana tamaa, kwa sababu ni haki yake. Amekuchekesha siku ambayo ulikuwa huwezi kucheka, unampa chake, tena unampa siku hiyo hiyo, mbele za watu, kabla ya mwili kutoka.

Kwa hiyo mimi nimekua nikijua mchekeshaji ni mtu wa kulipwa mlangoni. Nikaja mjini nikakuta hesabu nyingine.

Turudi kwa Majuto. Jina lake ni Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga, 1948. Siyo mtu wa Moro, nalijua hilo, watu wa Tanga msinirukie. Ila mtani huwa hatoki kwenye ukoo wako, anatoka nje, na mzee huyu alikuwa mtani wa nchi nzima. Alianza kuigiza akiwa mtoto na hakuacha mpaka uzeeni. Hebu fikiria ni mashine ngapi amezipita. Jukwaa, enzi zile kikundi kinakuja mjini usiku mmoja mnapata ngoma, sarakasi, taarabu na kichekesho kwa kiingilio kimoja. Kaseti. Mikanda ya video. Televisheni. DVD za Kariakoo. Halafu simu, klipu ya sekunde thelathini unayorushiwa na shangazi kwenye grupu la familia saa kumi na moja alfajiri. Wasanii wengi walifia kwenye mashine moja. Yeye alivuka zote, na umbo lake lile lile, sauti ile ile, mzee yule yule.

Na huyo mzee yule yule ndiyo kazi yenyewe, watu hawaoni. Kuna mwigizaji anayebadilika kila filamu, leo daktari kesho jambazi, tunampigia makofi tunasema anajua. Sawa. Ila kuna mwigizaji anayetengeneza mtu mmoja, halafu mtu huyo anaishi miaka hamsini. Babu mchoyo, mwenye uchu, mbishi, mwoga akishikwa pabaya, na bado unampenda. Ukimuona kwenye kioo unaanza kucheka kabla hajasema, kwa sababu unamjua kama unavyomjua babu yako. Mimi nilikuwa namtazama macho. Macho yake yalidanganya kwanza, mdomo ulifuata baadaye, na katikati ya hapo ndipo kicheko kilipokaa. Alicheza na vijana wa umri wa wajukuu zake, akina Sharo Milionea (Mungu amrehemu, alituacha 2012 kwa ajali kule Muheza), na hakuwahi kuonekana amepitwa.

Jambo lingine ambalo wadau wengi hawalijui. Vichekesho vyetu vingi vya Bongo havina mswada ulioandikwa neno kwa neno. Mwongozaji anakupa kisa: wewe ni baba mwenye nyumba, mpangaji hajalipa, binti yako anampenda mpangaji, haya, kamera. Maneno ni yako. Utani ni wako. Ule msemo ambao kesho watoto wa shule watautumia uwanjani umeutoa wewe papo hapo kichwani mwako. Kwa hiyo mchekeshaji wetu ni mwigizaji na ni mtunzi pia. Ila siku ya malipo anahesabiwa kama mtu aliyekuja kusimama mbele ya kamera siku tatu.

Na malipo yenyewe kwa mtindo uliozoeleka yalikuwa kumalizana. Unapewa chako siku hiyo, mmemalizana. Filamu inauzwa kwa msambazaji, msambazaji anatoa DVD, DVD inanakiliwa kibandani, inaingia kwenye basi, inaingia kwenye kibanda umiza cha Kihonda, inakatwa vipande, inapandishwa YouTube na mtu ambaye hujawahi kumuona. Kila anayeishika anapata kidogo. Yule ambaye sura yake ndiyo inauza alishamalizana nao miaka kumi iliyopita.

Msinielewe vibaya, sisemi hakuna sheria. Ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na COSOTA ipo kwa sheria hiyo hiyo. Hakishiriki ni neno zuri sana, maana yake kwa Kiswahili cha mtaani ni kwamba hata kama hukuandika wimbo wala filamu, ile namna ulivyoicheza nayo ni mali. Hebu waulize wachekeshaji wangapi wamewahi kulisikia neno hilo kabla ya kusaini.

Mwaka 2018 ndipo jambo hili lilipotoka hadharani na kutuaibisha. Mzee anaumwa. Amepelekwa India kutibiwa, amerudi, yupo Muhimbili. Mabango yenye sura yake tumeyaona, matangazo yake tumeyasikia, na watu wakaanza kuuliza, hivi mtu anayetangaza biashara za makampuni anachangiwaje matibabu? Ikabidi aliyekuwa Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, aunde kamati ya kupitia mikataba ya mzee na ya wasanii wengine waliofanya kazi na makampuni. Hebu lisome hilo tena taratibu. Mtu amechekesha nchi miaka zaidi ya hamsini, na mikataba yake inaanza kusomwa vizuri akiwa kitandani. Agosti 8, 2018 akafariki, pale pale Muhimbili.

Siku ile mtandao ulikuwa mweusi wote. Kila staa kaweka picha amepiga naye. Kila ukurasa umeweka klipu zake, na zile klipu zilitazamwa sana, na mtandao haukuwa msiba kwa kila mtu, kuna waliovuna. Miaka minne nyuma yake, Juni 2014, tulifanya hivyo hivyo kwa Mzee Small, ambaye naye aliugua muda mrefu. Huwa tunakuwa hodari sana siku mtani ameshalala.

Najua wapo watakaoniambia, dada, hakulazimishwa, alisaini mwenyewe, mtu mzima. Sawa. Nami nakuuliza, wewe mkataba wa laini yako ya simu umeusoma? Mtu aliyeanzia jukwaani, ambako analipwa usiku ule ule kwa mlango ulivyoingiza, unamletea karatasi za kurasa kumi zinazosema "haki zote, kwa njia zote, zilizopo na zitakazogunduliwa", unategemea ajue kwamba njia itakayogunduliwa ni simu ya mjukuu wake? Hata wanasheria waliozoea mjini hawakuiona ikija.

Wengine watasema mbona Joti katoboa, mbona Masanja ana mambo yake. Kweli, na nawapongeza. Ila kumbukeni hao nao walipita pagumu. Walipohama EATV kwenda TBC1, jina la Ze Comedy, ambalo sote tuliwajua kwalo, lilizua mgogoro, ndiyo tukaanza kuwaita Orijino Komedi. Fikiria, umelijenga jina kwa jasho na wigi, halafu siku unahama unauliza ni la nani. Kilichowaokoa, kwa mtazamo wangu, ni kwamba walikuwa kundi. Kundi linaweza kugoma. Mzee mmoja mwenye msuli hawezi kugoma, wataleta mzee mwingine mwenye msuli.

Halafu kuna ile haki nyingine ya mtani, ya kutochukiwa. Mei 2020 Idris Sultan alikamatwa baada ya video yake akiicheka picha ya zamani ya Rais. Sitaki kuzama huko, leo nazungumzia mpunga. Nataka tu mjue kwamba kule Matombo ukimnunia mtani unatozwa faini, huku mjini mtani ndiye anapelekwa kituoni.

Nije kwetu sasa, maana Moro nasi tuna dhambi zetu. Mnamjua Kitale, wengi mnamwita Mkude Simba. Mkude ni jina la Kiluguru. Ukiita Mkude pale soko kuu la Chifu Kingalu watageuka watu kumi na mbili, wawili kati yao wanauza nyanya za Mgeta. Nchi nzima imecheka kwa jina la kwetu, na mimi sina kinyongo hata kidogo, ni utani, nao tunaujua. Ninachouliza ni kwa nini sisi wenyewe Moro, mji ulioipa nchi muziki wa akina Mbaraka Mwinshehe, hatuna tunayemlipa vizuri kwa kuwa mchekeshaji wa hapa hapa.

Maana wapo. Yupo mmoja, jina namhifadhia, kijana wa miaka ishirini na kitu, mchana anauza mdalasini na pilipili manga zinazoshuka kutoka Kinole, jioni anarekodi kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Katengeneza mzee mmoja wa mlimani ambaye kila akishuka mjini anatapeliwa, halafu mwisho wa klipu unagundua tapeli ndiye aliyelizwa. Anakichekesha Kiluguru na Kiswahili kwa pamoja kwa namna ambayo mtu wa Dar anacheka bila kuelewa na mtu wa Nyandira anacheka kwa kuelewa. Kazi safi. Mwaka jana klipu yake moja ilizunguka kila mahali. Hata mimi nilirushiwa na mtu wa Mwanza akaniambia cheki watu wa kwenu.

Nikaitafuta chanzo chake. Ukurasa mmoja mkubwa wa burudani umeichukua, umekata sehemu ya juu lilipokuwa jina lake, umeweka jina la ukurasa, na katikati umechomeka tangazo la mikopo ya mtandaoni. Nikamfuata sokoni. Nilidhani nitamkuta amefura.

"Dada, si wamenipa kiki," akaniambia huku anapima mdalasini.

"Kiki gani na jina wamelikata?"

Akakaa kimya kidogo. "Wale wa harusi wanaonijua wataniita."

Nikamwambia awaandikie. Akasema aliwaandikia. Walimjibu kwa kumtumia kile kiemoji cha kucheka. Basi. Mdalasini ule niliununua wote aliokuwa ameshapima, na nyumbani mpaka leo chai yetu inanuka kama kanisa wakati wa Krismasi.

Tatizo siyo kwamba hatuna hela ya kuwalipa wachekeshaji. Bando tunanunua. Mc wa sherehe tunamlipa laki kadhaa, na nusu ya vichekesho vyake kavitoa kwenye klipu za vijana kama huyu. Mpiga picha analipwa, mpambaji analipwa, mwenye keki analipwa nusu kabla hajavunja yai. Mchekeshaji anaambiwa "njoo, kutakuwa na watu wazito, utajulikana". Majuto alijulikana, wadau. Hakuna mtu aliyejulikana nchi hii kama Majuto. Kujulikana hakukusoma mikataba yake.

Mwezi uliopita nilipanda treni ya SGR kutoka Dar kuja Moro. Tangu ilipoanza Juni 2024 mimi basi nalisikia tu. Safi, baridi, kimya. Hakuna televisheni ya kutazama wote. Kila mtu na simu yake na vidubwasha masikioni. Kaka mmoja kiti cha pili alikuwa anacheka peke yake, mabega yanatetemeka, nikachungulia, ni Majuto, kipande kimekatwa, jina la ukurasa mwingine juu yake. Miaka inakwenda, mzee bado anawasindikiza watu Moro.

Nilikuwa naenda kwenye sendofu, Kihonda. Na nani kaitwa kuchekesha? Yule kijana wa mdalasini. Kaja na fimbo, kajifunga msuli, kawa yule mzee wake wa mlimani aliyekuja kudai kwamba bibi harusi ni mke wake aliyemuoa kwa mkungu wa ndizi. Ukumbi ukaisha. Wazee wa pande zote mbili hoi. Kamati ya sherehe imekaa meza ya mbele inacheka kuliko wote, na mimi nilikuwa nimeshaambiwa na mtu wa ndani kwamba kijana kapewa nauli tu, mengine "tutaonana".

Muda wa bibi harusi kuingia ukafika. Mziki ukawashwa. Kijana akaenda akajilaza mlangoni, chali, fimbo kifuani.

Mc akadhani ni sehemu ya mchezo, akacheka. Vijana wa kamati wakacheka. Dakika ikapita. Bibi harusi yuko nje na shela lake, mziki unarudia mwanzo. Ndipo mzee mmoja wa upande wa kikeni, mtu wa Mkuyuni, akasimama taratibu, akaingiza mkono mfukoni, akasema kwa sauti ya kuwafundisha watoto, "Huyu anadai haki yake. Mpeni."

Mweka hazina akatoa noti moja ya elfu kumi. Kijana akafumbua jicho moja, akaitazama, akalifumba tena. Ukumbi ukapiga kelele. Shangazi mmoja akatoa, mjomba akatoa, meza ya wafanyakazi wenzake bwana harusi wakachangishana, mweka hazina akarudi safari hii na bahasha. Jamaa akaketi pale pale sakafuni akahesabu noti moja moja, ya mwisho akaiinua kwenye taa kuangalia kama siyo bandia, akazichomeka kwenye msuli, akanyanyuka na kumpisha bibi harusi.